Lifti Ina Kitufe Kimoja

Mapokezi, 3 Februari

Kwako mdogo wangu Bisibisi,

Nakuandikia barua kwa sababu nikikupigia simu nikakusema, unajifanya mtandao unakatika. Nakujua tangu ulipokuwa unafungua redio ya Baba na kuapa kwamba imejifungua yenyewe. Karatasi haikatiki, kwa hiyo utasoma mpaka mwisho.

Nina hasira nawe, na zaidi nina hasira na Meneja. Miaka kumi na tisa nimepokea simu za kampuni hii ya lifti. Siku ya kuchagua mfumo mpya wa simu za mtandao walikaa Meneja, mhasibu na mtu wa mauzo, wakaletewa mapendekezo matatu, wakachagua la kampuni yenu kwa sababu lilikuwa na picha nzuri. Mimi niliitwa kuleta chai. Hakuna aliyeniuliza simu zinazoingia hapa ni za nani na wapigaji wanataka nini. Wewe nawe ulipokuja kufunga mitambo Novemba, ulichotaka kwangu ni sauti tu. Ukanifungia kwenye chumba cha makaratasi, ukaziba dirisha kwa blanketi, nikasoma mara ishirini: "Karibu sana. Kwa dharura na matengenezo, bonyeza moja. Kwa mauzo, bonyeza mbili. Kwa uhasibu, bonyeza tatu." Kila mara ukasema sijachangamka vya kutosha.

Sasa sikia matokeo. Mhasibu akifungua mpira kwenye kompyuta yake, sauti za wateja zinakatika kama wanaongea huku wanatafuna karanga. Umeme ukizimika, simu zote zinakufa, na mimi nakaa pale kama sanamu. Zile za waya tulizong'oa hazikujali umeme.

Lakini kinachonitia wazimu ni simu za kimya. Mtu anapiga, habonyezi kitu, mfumo unaniletea mimi. Nasema haloo, haloo, hakuna neno. Juzi nilihesabu arobaini na moja. Wenzangu wanaziita simu za mizimu. Nikiwa nahangaika nazo, mteja wa kweli anasubiri na Meneja ananitolea macho. Zitoe. Mtu asiyeweza hata kubonyeza namba moja hana shida na sisi. Usimlete kwangu.

Msalimie wifi yangu. Mwambie nampa pole kwa kuishi nawe.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, maana niliogopa kukaa.

Nimeyashughulikia yote. Ruta yenu, kile kisanduku cha intaneti, nimeiamuru itangulize sauti kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo mhasibu atazame mpira wake mpaka macho yamtoke, simu zako hazitaguswa. Betri ya akiba nimeiagiza, kijana wetu wa huko ataifunga wiki hii. Itawapa saa tatu umeme ukizimika.

Na mizimu yako nimeifukuza. Hizo ni mashine za matapeli, zinapigia namba yoyote kuona kama ipo hai. Tangu jana, mpigaji asiyebonyeza kitu anasomewa maneno yako mara mbili, kisha mfumo unamkata. Haji kwako tena. Nimefanya kutoka hapa mezani kwangu, umbali wa siku nzima ya basi, kwa dakika tatu. Ndiyo uzuri wa simu za mtandao, ambao wewe unauita balaa.

Usimwambie Meneja. Ataitisha kikao, na kwetu kila badiliko linataka fomu na sahihi. Hii ni yetu wawili.

Wifi yako anasema pole zako zimefika.

Mdogo wako, Bisibisi


20 Februari

Bisibisi,

Siku tisa sijasikia mzimu. Leo nimekunywa chai ikiwa bado ya moto, nikakukumbuka kwa wema, jambo ambalo si la kawaida.

Ahsante. Usivimbe kichwa.

Dada yako


12 Machi

Wewe,

Nimekusikia. Nataka ujue hilo kwanza, kabla hujaanza kutunga uongo mwingine.

Jumatano iliyopita, lifti ya lile jengo la ghorofa nane lenye duka la vifaa vya ujenzi chini ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Ndani alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mwenye chumba chake cha kushonea ghorofa ya saba. Ana kisukari. Alikwama saa saba na nusu mchana, akatolewa saa kumi na dakika kumi. Mlinzi aliona lifti haiji, akadhani imezimwa, akawa anawaelekeza watu kwenye ngazi. Walipomtoa alikuwa amezirai. Aliangukia mkono wa kulia, umevunjika mara mbili. Fundi cherehani, mkono wa kulia.

Alikuwa amebonyeza kitufe cha dharura mara kumi na tisa. Kitufe kile kinapiga namba ya ofisi yetu, ileile, miaka yote. Na unajua anasema nini kitandani hospitalini? Anasema, "Dada wa mapokezi alipokea. Alinikaribisha vizuri, akaniambia nibonyeze moja. Nikamwambia mwanangu, huku hakuna moja, kuna kitufe kimoja tu chekundu. Akanyamaza, akarudia maneno yaleyale, akanikatia. Nilimlilia mara kumi na tisa. Kila mara alikuwa na furaha."

Nilimwambia Meneja kwamba hiyo ni rekodi. Akanitupia karatasi iliyochapwa na mfumo wako. Simu kumi na tisa, na mbele ya kila moja neno IMEJIBIWA. Akasema anajua rekodi ipo, lakini alipoujaribu mfumo Novemba, asiyebonyeza aliletwa kwangu, kwa hiyo baada ya rekodi ni mimi niliyepokea na kumkatia mama wa watu. Nikasema hapana, mdogo wangu alibadilisha mwezi uliopita, sasa asiyebonyeza anakatwa na mashine. Akakupigia hapohapo, akafungua spika. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake. Nikakusikia: "Hapana mkuu, hakuna kilichoguswa tangu Novemba." Siku hiyo mtandao haukukatika hata kidogo.

Nimesimamishwa kazi. Kikao ni tarehe ishirini na moja. Watoto wa yule mama wanataka nipelekwe mahakamani, na ningekuwa wao ningetaka hivyohivyo. Jana dukani niliulizia sabuni, mwanamke mmoja akamgusa mwenzake kiwiko: ndiye huyo.

Nilikubeba mgongoni mpaka ukawa mzito kuliko mimi. Nani alikutuma ukate watu? Piga simu kwa Meneja useme ukweli. Sikuombi.

Dada yako, kwa bahati mbaya


15 Machi

Dada,

Nilishtuka. Simu iliita niko juu ya ngazi, nyaya mkononi, na Meneja aliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumla nyama. Neno likanitoka. Sikujua upo mbele yake.

Nielewe. Meneja ameshakubali tufunge mfumo huu kwenye matawi yao matatu, bado sahihi tu, na bosi wangu ameniahidi mimi ndiye nitakuwa msimamizi wa kazi yote. Kwetu anayegusa mfumo wa mteja bila fomu anafukuzwa siku hiyohiyo. Wifi yako ana mimba ya miezi saba. Unataka tuanze malezi nikiwa nazurura na vyeti mfukoni?

Wewe una miaka kumi na tisa pale, wanakupenda. Sema ulikuwa na kichwa kinakuuma, ulizipokea ukadhani ni mizimu, ukakata. Watakupa onyo, utalia kidogo, yataisha. Mimi sitapewa onyo.

Na tafadhali usinisukume. Umeuliza nani alinituma. Ninayo barua yako ya tarehe tatu: "Mtu asiyeweza hata kubonyeza namba moja hana shida na sisi. Usimlete kwangu." Maneno yako, mwandiko wako. Watoto wa yule mama wakisomewa hayo watakuonaje? Mimi nilitii tu.

Tutunziane siri, dada. Tumezaliwa wawili tu.

Mdogo wako


17 Machi

Bisibisi,

Itoe.

Itoe hiyo barua, ipige picha, ibandike mlangoni kwa Meneja ukitaka. Niliisoma sentensi yangu kwenye barua yako nikaona aibu mpaka nikatoka nje kwenda kusimama uani. Ndiyo, niliandika. Nilipouliza nani alikutuma nilikuwa najidanganya, na nilijua najidanganya.

Tena nikwambie kitu ambacho hukujua ungeweza kunitishia nacho. Wewe ni fundi wa simu, hujawahi kukwama kwenye lifti. Mimi nimekaa meza ile miaka kumi na tisa. Nimeongea na waliokwama mia ngapi sijui: bibi harusi na shela lake, daktari akiwa njiani kupasua mtu, watoto watatu waliopanda kwa utundu. Nawajua hata kabla hawajasema, kwa ule mwangwi wa chuma. Najua ndani mna kitufe kimoja tu. Hata baada ya Novemba waliokwama walikuwa wananifikia, wakishasubiri rekodi iishe. Mizimu na wao walikuwa wanapita njia moja, na mimi nikakuambia uifunge. Sikuwafikiria hata kidogo. Nilifikiria chai yangu.

Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini kuniambia nikiri kwamba nilimsikia mtu analia, nikamkatia mara kumi na tisa! Nife na jina hilo ili wewe uwe msimamizi wa matawi matatu? Umenipima ukaniona mwepesi kiasi hicho?

Nami ninayo barua yako ya tarehe kumi na moja, yenye dakika tatu na "usimwambie Meneja". Nitazisoma zote mbili kwenye kikao, yako kwenye karatasi na yangu kichwani, maana sasa naijua kwa moyo. Una siku nne za kuwahi kusema mwenyewe. Ukinitangulia, nitasimama hapo na kusema mdogo wangu ni mtu mzima.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Umefurahi? Matawi matatu wamepewa wengine, bosi amenifukuza mbele ya mafundi niliowafundisha kazi mimi mwenyewe. Umechukua barua ya ndugu yako wa tumbo moja ukaisoma mbele ya watu wenye tai. Mama amenipigia, anavuta pumzi tu. Wifi yako anasema hataki kukuona siku ya mtoto, nami sijambishia.

Usiniambie habari za siku nne. Kila asubuhi nilishika simu nimpigie Meneja. Kila asubuhi nikasema kesho. Unaijua hofu yangu tangu utotoni, na bado ukaiwekea muda.

Kuna jambo sitaki kukuambia na nakuambia. Juzi sina kazi, nimekaa sebuleni mchana, nikapiga namba yenu. Nilijua hawajabadilisha kitu, maana iliyokuwa na ufunguo wa mfumo ni kampuni yetu, na Meneja ameshaifukuza. Nikakaa bila kubonyeza. Nikakusikia ukinikaribisha. Nikajaribu kukujibu, nikakwambia, "Dada, nimekwama." Ukasema bonyeza moja. Nikapiga tena, na tena. Mara ya nne nilianza kukutukana kwa sauti, mimi niliyeirekodi, ninayejua ni mashine. Mara ya sita nililia kwa hasira. Yule mama alipiga kumi na tisa.

Bado nimekukasirikia.

Mdogo wako


30 Machi

Bisibisi,

Nami bado. Tukae hivyohivyo kwanza, hakuna aliyetulazimisha kupatana leo.

Kikao kilinisafisha. Meneja alisoma barua yako mara mbili, akapangusa miwani, akasema basi kosa ni la fundi, mimi nirudi kazini Jumatatu. Yeye aliyechagua mfumo kwa picha hana kosa lolote, limeteleza kwake kama maji kwenye jani. Halafu, usicheke, akaniomba nirekodi upya. Anataka niongeze, "Kama umekwama ndani ya lifti, tafadhali tulia, bonyeza moja." Nilimtazama nikadhani ananitania. Nikamuuliza, "Abonyeze nini, mkuu?" Mtu wa mauzo ndiye aliyemshika mkono akamnong'oneza.

Nikamwambia sirudi mpaka lifti zote zipewe namba yao peke yake. Isiwe na rekodi wala menyu, iite moja kwa moja mezani kwangu, nisipopokea kwa miito mitatu iite kwa fundi wa zamu, na iwe na laini ya pili isiyotegemea intaneti. Nikamwambia na kila Ijumaa nitapanda lifti moja mwenyewe nibonyeze kile kitufe, nione nani anajibu. Aliposema atafikiria, nilimuuliza kama angependa watoto wa yule mama wajue nani aliketi siku ya kuchagua na nani alileta chai. Amekubali. Mafundi wapya walimaliza juzi. Nimeshajaribu lifti tisa.

Jana nilikwenda hospitali. Nilishajipanga, nina maneno yangu. Nikabisha mlango, nikasema, "Hodi, shikamoo mama." Hayo tu. Akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani, kitanda kikawa kinatetemeka. Binti yake akanishika bega akanitoa. Hakuwa mkali hata kidogo. Akaniambia, "Tumeshaambiwa ukweli wote, dada. Tunajua ilikuwa rekodi. Lakini mama akikusikia anarudi mule ndani."

Sauti hii ndiyo iliyonilisha ugali miaka kumi na tisa, Bisibisi. Nilirudi kwa miguu, njia nzima nikiwa sijasalimiana na mtu.

Mwambie wifi akijifungua salama nitajulishwa na Mama, haina haja ya kunialika.

Dada yako


2 Aprili

Kwako Mama fundi,

Shikamoo.

Mimi ni yule dada wa mapokezi. Naandika kwa sababu hutaki kunisikia, na ni haki yako.

Umeambiwa ilikuwa rekodi na kwamba fundi alikosea. Umeambiwa nusu. Fundi ni mdogo wangu, na mimi ndiye niliyemwambia awaondoe wanaopiga bila kubonyeza namba. Walikuwa wananisumbua. Niliandika kwamba mtu wa namna hiyo hana shida na sisi. Nilikuwa najua lifti ina kitufe kimoja, na sikukumbuka. Sikukukatia kwa mkono wangu, lakini mlango ulifungwa kwa maneno yangu, na mlangoni ikawekwa sauti yangu ikukaribishe.

Siku ile, saa saba na nusu, nilikuwa mezani kwangu. Simu yangu ilikuwa imetulia. Nilifurahi kwamba ni siku tulivu. Nimeona nikwambie na hilo, kwa sababu ukilisikia kwa mtu mwingine litakuwa baya zaidi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ningependa kuja kukufulia, kukupikia, au kumalizia nguo za wateja wako zilizobaki kwenye chumba chako cha kushonea ili binti yako asihangaike peke yake. Najua kushona kidogo, mishono iliyonyooka tu. Ukisema nisije, sitakuja.

Dada wa mapokezi


9 Aprili

Kwako,

Marahaba. Hii inaandikwa na binti yangu, nami nasema. Mkono wangu uko kwenye plasta mpaka mwezi wa sita, na daktari haahidi vidole.

Barua yako imenikasirisha siku tatu. Nilimwambia binti aichane, akaificha. Siku ya nne nikamwambia anisomee tena. Wote waliokuja hapa, Meneja wenu na matunda yake, mwanasheria wake, mlinzi wa jengo, kila mmoja aliniambia ni nani mwingine mwenye kosa. Wewe peke yako umesema ulikuwa mezani na ulikuwa na furaha.

Sijakusamehe. Usidhani hivyo ukifika.

Nimerudi nyumbani, na cherehani yangu imeletwa huku. Kuna sare za shule kumi na mbili zinahitaji kupindwa, mshono ulionyooka. Njoo Jumamosi saa nne asubuhi. Mlango utakuwa wazi, usipige hodi. Pita, kaa kwenye cherehani, shona, na usiseme neno lolote mpaka nianze mimi.

Mama fundi